Kompyuta Inunuliwe Bandari Gani?

Miongoni mwa mashauri ambayo msafiri wa zama zetu hulazimika kuyakata akiwa ugenini, ni machache yaliyo madogo kwa sura na mazito kwa matokeo kama hili la kununua kompyuta ya mpakato. Kwani bidhaa hiyo, ambayo bei yake yaweza kumeza mishahara ya miezi kadhaa ya mwalimu wa kwetu, huuzwa katika kila nchi kwa kodi yake, kwa dhamana yake, na hata kwa mpangilio wake wa herufi, ilhali mnunuzi mgeni aghalabu hana muda wa kuzunguka wala mwenyeji wa kumwonyesha duka lenye amana.

Shauri hili lilijadiliwa mjini Hamburg mwanzoni mwa Novemba 2025, katika nyumba ya mzee mmoja wa Unguja ambaye alikuwa baharia katika ujana wake na ambaye Waswahili wote wa mji ule humwita Ami. Mwenye haja alikuwa binti wa Tanga, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, atakayerejea nyumbani mwishoni mwa Septemba 2026 kwa njia ya Dubai. Walikuwapo pia mfanyabiashara mmoja, mzaliwa wa Mombasa na mkaazi wa Deira kule Dubai, aliyekuja Ujerumani kwa shughuli zake, na bibi mmoja wa Bukoba, mhasibu katika ofisi ya washauri wa kodi. Fundi wa Kariakoo alishiriki kwa simu. Nimeyapanga maneno yao kwa zamu, nikiwataja kwa kazi zao, na pale nilipoona haja nimetia na langu.

BINTI: Shikamoo, Ami, na nyote mlioketi. Kompyuta yangu imezeeka. Betri yake haishiki moto tena, nikichomoa waya inazimika. Na tangu tarehe 14 Oktoba mwaka huu Windows 10, ndiyo iliyomo ndani yake, imeachwa kuhudumiwa, na hii mpya iliyofuata haiipokei mashine yangu kwa kuwa ni ya kale. Tasnifu yangu yatakiwa mwezi Machi. Ninunue hapa, ninunue Dubai nikirejea, au nistahimili mpaka nifike nyumbani?

AMI: Marahaba, mwanangu. Sisi mabaharia tulikuwa na kanuni moja ambayo haikupata kututia hasarani, nayo ni kwamba kitu cha thamani hununuliwa bandari ya mwisho kabla ya kwenu. Zamani zetu bandari hiyo ilikuwa Aden, ambayo Waingereza waliifanya bandari huru tangu mwaka 1850, na meli ikitia nanga tulishuka Tawahi tukachagua redio, saa na kamera zisizotozwa ushuru, kwa bei ambayo London hukuiota. Nani mwenye akili angenunua redio London, kisha akailaza katika chumba cha meli chenye mvuke na chumvi kwa wiki nyingi? Mfereji wa Suez ulipofungwa mwaka 1967, na Waingereza wakaondoka Aden mwaka huo huo, soko lile lilikufa, na riziki yake ikahamia Ghuba. Dubai ndiyo Aden ya leo. Nunua huko.

MFANYABIASHARA: Ami amenisemea, nami nitaongeza hesabu tu. Hapa Ujerumani kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 19, nayo imo ndani ya bei unayoiona dukani. Kule Imarati kodi hiyo ilianza tarehe 1 Januari 2018 nayo ni asilimia 5, na mgeni aliyenunua bidhaa ya dirhamu 250 au zaidi huweza kurejeshewa sehemu kubwa ya kodi hiyo pale uwanja wa ndege. Dirhamu yenyewe haitikisiki, imefungwa na dola tangu mwaka 1997. Nenda barabara ya Khalid bin al-Waleed, Bur Dubai, mtaa ambao watu huuita wa kompyuta. Utakuta maduka yamebanana mlango kwa mlango, ukitoka hili unaingia lile, na muuzaji akijua kwamba umetoka kwa jirani yake bei hushuka bila ya kuombwa. Na plagi yake, dada yangu, ni ya miguu mitatu ya Kiingereza, ile ile ya Tanga na Mombasa.

Naam, hoja ya plagi ni nyepesi, maana chaja za kompyuta hizi aghalabu huandikwa volti 100 hadi 240, na kinachohitaji kubadilishwa ni waya wa ukutani ambao bei yake ni ndogo. Lakini hoja ya kodi ilikuwa na uzito, na macho ya baraza yalimgeukia yule bibi wa Bukoba, ambaye muda wote alikuwa akichora tarakimu nyuma ya bahasha.

MHASIBU: Bwana, tofauti ya kodi si tofauti ya bei. Tuseme mashine ya hapa yauzwa yuro 1,190. Humo kodi ni yuro 190, nakubali. Lakini muuzaji wa Dubai hakulazimika kuuza kwa yuro 1,000 na kodi yake ndogo. Huuza kwa bei ambayo soko lake litabeba, na mara nyingi mashine ile ile hukaribia bei ya hapa kuliko hesabu ya kodi inavyoonyesha. Kisha binti huyu ni msafiri wa kupita. Mtanzania hahesabiwi miongoni mwa waingiao Imarati bila ya viza. Akiwa hana viza atabaki ndani ya uwanja wa ndege, na mtaa wako wa kompyuta ataupita angani. Akiitafuta viza, akalala usiku mmoja hotelini, akapanda teksi kwenda na kurudi Bur Dubai, ile faida yote imekwenda, na bado hajaanza kuomba bei ipunguzwe.

MFANYABIASHARA: Basi na adai kodi yake hapa hapa! Kila siku nawaona watalii wakipanga foleni forodhani na makaratasi yao.

MHASIBU: Watalii, ndiyo. Sheria hiyo ni ya mtu ambaye makao yake yako nje ya Umoja wa Ulaya, aliyenunua kwa zaidi ya yuro 50 na akaitoa bidhaa katika mizigo yake kabla ya kwisha mwezi wa tatu baada ya ule wa kununua. Mwanafunzi mwenye kibali cha kukaa zaidi ya miezi mitatu huhesabiwa kwa kawaida kuwa mkaazi, na mkaazi hana cha kudai. Nimewaona wengi wakiyajua haya siku ya safari, mbele ya afisa wa forodha, huku ndege ikiita.

MFANYABIASHARA: Mimi si mkaazi. Pasipoti yangu ni ya Kenya, makao yangu ni Deira, na Jumatano naondoka. Nitainunua kwa jina langu, nigongewe muhuri, kisha...

MHASIBU: Kisha uiache hapa, ilhali muhuri unasema imetoka? Huo si upungufu wa bei, kaka. Huo ni udanganyifu, na jina litakaloandikwa ni lako. Na ukiitoa kweli, binti ataandikia nini tasnifu yake?

Kaka yule alicheka, akasema alikuwa akipima kina cha maji tu. Nami sidhani alikuwa akipima. Lakini neno lake lilizaa jingine, kwani Ami alikumbuka kwamba ana mtoto wa dada yake aliyeko Portland katika jimbo la Oregon, mojawapo ya majimbo matano ya Marekani yasiyo na kodi ya jimbo ya mauzo, na akauliza kwa nini kijana huyo asitumwe. Mhasibu alilimaliza hilo kwa pumzi moja: ushuru wa forodha kwa kompyuta ni sifuri katika Umoja wa Ulaya, hiyo ni kweli, lakini ile asilimia 19 hutozwa bidhaa ikiingia, zawadi ya posta husamehewa hadi yuro 45, na abiria wa ndege hadi yuro 430, na hakuna kompyuta ya kuandikia tasnifu itakayopenya katika vipimo hivyo ikiwa mpya. Marekani ikafungwa.

Hapo ndipo simu ilipopigwa Kariakoo.

FUNDI: Dada, mie nitakwambia kitu ambacho hao wakubwa hapo hawakukigusa. Nyie mnaangalia bei ya kununua. Mimi naangalia bei ya kufungua. Watu wananiletea mashine nzuri kutoka Ulaya, nyembamba kama daftari, nikiifungua nakuta RAM imelehemiwa kwenye mazabodi, betri imegandishwa kwa gundi, na bawaba zake hazipatikani mtaa mzima. Ikivunjika namwambia mwenyewe aiweke kabatini. Lakini zile za maofisini, nene kidogo, sura mbaya, zikimaliza miaka yake mitatu minne makampuni huko kwenu yanaziuza kwa mafungu, zinakuja huku kontena kwa kontena. Vipuri vyake navyo vinakuja humo humo. Kibodi ninayo, skrini ninayo, bawaba ninazo kwenye ndoo. Njoo ununue hapa kwangu, ikiharibika unajua mlango.

BINTI: Na ya Kijerumani, kaka, kibodi yake je?

FUNDI: Hiyo ndiyo kesi. Kule Z imekaa pahala pa Y, na Y pahala pa Z.

Mwenye kuandika Kijerumani hataona taabu, kwa kuwa lugha ile haiitumii sana Y. Lakini Kiswahili hakina sentensi ambayo itasalimika, maana ya na za, yake na zake, yote yamo katika kila mstari, na mtu aliyezoea mpangilio wa Kiingereza ataandika kwamba nyumba zake imeungua akidhani ameandika nyumba moja. Kweli, mpangilio wa ndani hubadilishwa kwa dakika moja katika mipangilio ya mashine, na herufi za juu hufunikwa kwa vibandiko. Walakini mwenye kuuza tena mashine hiyo nyumbani atapunguziwa bei kwa sababu ya vibandiko vile, na Fundi alisema kuwa kubadili kibodi nzima ni kazi ya saa moja kwake, ikiwa mashine ni ya zile nene. Ya Dubai ina herufi za Kiingereza pamoja na za Kiarabu, jambo lililomfurahisha Ami, ambaye barua zake kwa nduguze wa Makunduchi angali akiziandika kwa hati ya Kiarabu.

Swali la mahali lilipokuwa limewachosha, swali la wakati likaingia, na hapa nadhani baraza ilianza kuugusa mzizi wa jambo.

BINTI: Hata nikikubali kununua hapa, je, ninunue wiki hii au ningoje ile Ijumaa ya mapunguzo, tarehe 28 Novemba? Na wengine waniambia ningoje Januari, zikitoka za mwaka mpya.

MHASIBU: Ukingoja tarehe 28 hutapata hasara kubwa, ila usidanganyike na asilimia zilizoandikwa kwa wino mwekundu. Tangu tarehe 28 Mei 2022 sheria ya Ulaya inamtaka muuzaji atangazaye punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia bidhaa hiyo katika siku 30 zilizotangulia; itazame hiyo, si ile iliyopigwa mstari. Na kuhusu usalama wa mashine yako ya sasa, waliomo katika eneo la kiuchumi la Ulaya wamepewa mwaka mmoja zaidi wa masasisho ya usalama bila ya malipo, hadi Oktoba 2026, kwa kujiandikisha. Kwa hiyo hufukuzwi na mtu.

MFANYABIASHARA: Anafukuzwa na soko. Mimi hununua kwa jumla, nawaambieni: bei ya kumbukumbu za kompyuta inapanda tangu miezi ya karibuni, kwa sababu viwanda vichache vinavyozitengeneza vinapeleka nguvu zake kwenye yale majumba makubwa ya kuendeshea akili mnemba. Mashine ya Januari haitakuwa rahisi kuliko ya leo.

AMI: Mimi nasema angoje. Kitu kipya hutoka kila siku; mwenye kukimbilia leo hujuta kesho.

Hoja hii ya kungoja ina historia, na kwa kuwa hakuna aliyeitaja pale, naitaja hapa. Kompyuta ya kwanza ya kuchukulika iliyouzwa kwa wingi, Osborne 1, ilitoka mwaka 1981 kwa dola 1,795, ikiwa na uzito wa kilo 11 hivi, mzigo ambao hakuna mwanafunzi wa leo angeuita wa mpakato. Miaka miwili baadaye mwenye kampuni, Adam Osborne, alianza kuisifu mashine yake mpya kabla haijafika madukani. Wanunuzi wakaamua kungoja, mauzo ya ile iliyopo yakaanguka, na mnamo Septemba 1983 kampuni ikafilisika. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba kulikuwa na sababu nyingine, na huenda wasemayo ni kweli; lakini jina la Osborne limebaki katika lugha ya biashara kwa msiba huo. Kwa upande wa mnunuzi maana yake ni kuwa mashine iliyo bora kuliko hii daima iko njiani, wala haitafika siku ambayo haiko njiani, na kwa hiyo ubora wa kesho haufai kuwa kipimo cha siku ya kununua.

Kipimo, kwa rai yangu, ni dhamana, na ndipo nilipomwomba bibi wa Bukoba aieleze sawasawa.

MHASIBU: Sheria hapa humbana muuzaji, si kiwanda, kwa miaka miwili iwapo kitu ni kipya; kikiwa kimetumika, muuzaji anaruhusiwa kuipunguza iwe mwaka mmoja akikubaliana na mnunuzi. Na tangu Januari 2022, kasoro ikijitokeza ndani ya miezi kumi na miwili ya mwanzo huchukuliwa kuwa ilikuwamo tangu siku ya kukabidhiwa, na ni juu ya muuzaji kuthibitisha vinginevyo. Ukiagiza kwa intaneti unazo pia siku kumi na nne za kurudisha bila ya kutoa sababu, haki ambayo sheria haikupi ukinunua kwa kuingia dukani.

MFANYABIASHARA: Zipo mashine zenye dhamana ya dunia nzima.

FUNDI: Zipo, bosi, kwenye karatasi. Muulize huyo dada Tanga kuna wakala gani wa kuipokea.

Sasa tazama jinsi hesabu inavyogeuka. Binti huyu atakaa Hamburg miezi kumi na kitu. Akinunua mpya leo, mwaka wa pili wa dhamana, ambao ameulipia ndani ya bei, utampata Tanga, maelfu ya kilomita kutoka kwa muuzaji aliyebanwa na sheria, na hautamfaa kitu. Akingoja Septemba anunue ya kuchukua nyumbani, dhamana yote itamwangukia ugenini kwa mtazamo wa mashine, yaani nyumbani kwake. Akinunua Dubai kwa saa chache za kupita, hana dhamana ya kumfaa huku wala kule, isipokuwa yuko radhi kurudi Bur Dubai na boksi mkononi. Lakini akinunua mwezi huu mashine iliyotumika ofisini, yenye dhamana ya mwaka mmoja, mwaka huo unalingana karibu mwezi kwa mwezi na muda wake uliobaki, na kila mwezi anaoupoteza kwa kungoja bei ishuke ni mwezi mmoja wa dhamana anaouhamishia mahali ambapo hautumiki. Na akifika nyumbani dhamana ikiwa inakaribia kwisha, mashine yake itakuwa ni ya jinsi ile ile ambayo vipuri vyake vimejaa katika ndoo ya Fundi. Forodhani pia hatatiwa mashakani kwa mashine moja aliyoitumia mwenyewe, iliyojaa kazi zake. Mbili zilizofungwa ndani ya maboksi ndizo huulizwa kama bidhaa.

Simdharau Ami. Kanuni yake ilikuwa sahihi kwa redio, chombo ambacho kikiwaka siku ya kwanza kiliwaka miaka ishirini, na ambacho fundi yeyote wa Darajani aliweza kukitia taa mpya. Wala simdharau mfanyabiashara, kwani mtu aendaye Dubai kwa shughuli zake, mwenye viza na siku tatu za kuzunguka, anayeijua namba ya mashine kabla ya kulipa na akaikagua kwa kiwanda kama ni mpya kweli au ni iliyokarabatiwa ikatiwa boksi jipya, huyo ana haki ya kununua kule. Binti si mtu huyo.

Neno moja tu la Fundi lilinifanya nisite. Tangu tarehe 28 Aprili 2026 kompyuta mpya za mpakato zitakazouzwa Ulaya zitalazimika kukubali chaja ya USB-C, kama simu zilivyolazimishwa tangu Desemba 2024, na Fundi, ambaye nusu ya wateja wake huja kwa sababu ya chaja zilizokufa, alimsihi binti asinunue mashine isiyo na tundu hilo hata ikiwa rahisi namna gani. Bahati njema, za ofisini za miaka ya karibuni nyingi zinalo tayari, kwa hiyo sharti hilo halilazimu kungoja; linachuja tu.

Basi rai yangu ni hii. Anunue Hamburg, kwa kuagiza ili apate siku zake kumi na nne, mashine ya ofisi iliyotumika, yenye RAM ya kubadilishika, tundu la USB-C na uwezo wa kupokea Windows 11, kibodi ya Kiingereza ikipatikana. Akiiona kabla ya tarehe 28 Novemba kwa bei aliyojiwekea asiingoje tarehe hiyo, na ikipita tarehe hiyo asiingoje nyingine. Stakabadhi aihifadhi mpaka Septemba. Mfanyabiashara hakukubali, na Ami alisema kwamba vijana hawajui bandari. Lakini Jumatatu iliyofuata binti aliagiza, na yuro alizobakiza amezitenga kwa betri mpya, ambayo atamnunulia Fundi aitie mwenyewe.